Barakoa Zisizolegea

Hebu niambie ukweli: umewahi kusifiwa miaka tisa mfululizo kwa kosa?

Usikimbilie kukataa. Yeye naye angekataa, tena kwa kiapo. Angekushika mkono akakupeleka hadi ukutani kwake, juu ya tangi la maji ya moto, akakuonyesha cheti ndani ya fremu ya kioo: kwa utumishi uliotukuka, fundi ambaye barakoa zake hazilegei. Saini ya mkurugenzi mwenyewe. Kila Ijumaa alikifuta vumbi kwa ncha ya koti lake jeupe, huku akijifanya anafuta ukuta.

Hospitali nzima inamwita Kaza, kwa sababu ya swali analomuuliza kila mgonjwa: "Nikaze kidogo?" Hata mkewe akikasirika humwita hivyo. Aliajiriwa kama mshonaji. Chumba chake cha kwanza kilikuwa nyuma ya dobi, kina cherehani mbili, moja ya kushonea na moja ya kung'oa vipuri, na kazi yake ilikuwa foronya na kufunika magodoro ya wodi. Kitengo cha mionzi kilipofunguliwa, waliletwa vijana wawili wenye vyeti. Wa kwanza aliunguza plastiki, wa pili alimuunguza mgonjwa. Mtu mmoja akakumbuka yule mshonaji mwenye mikono. Wakampeleka kozi ya miezi sita, akarudi na koti jeupe na kalamu tatu mfukoni, akaanza kutengeneza nyuso.

Maana barakoa zake si hizi za kuziba pua na mdomo. Ni wavu wa plastiki ngumu unaofunika kichwa chote hadi mabegani. Mtu mwenye saratani ya koo, ulimi au taya hupigwa mionzi siku thelathini na tano za kazi, na kila siku kichwa lazima kilale palepale kilipolala jana. Mionzi haina huruma wala macho. Ikiambiwa ipige hapa, itapiga hapa, iwe pana uvimbe au pana uti wa mgongo. Kwa hiyo Kaza huchovya bamba kwenye maji ya moto hadi linalegea kama shuka lililolowa, hulitandaza usoni kwa mgonjwa, hulibana kwa klipu kwenye ubao, kisha hupitisha vidole taratibu: paji la uso, daraja la pua, chini ya kidevu. Dakika tano, plastiki imekuwa ngumu na imekariri sura ya mtu.

"Mzee, unanizika nikiwa hai?" dereva mmoja wa lori alimuuliza akiwa chini ya wavu.

"Ningekuwa nakuzika ningekupima urefu," Kaza akamjibu. "Mimi napima pua. Tulia usimeze mate."

Kitengo kina mashine mbili. Ya zamani wanaiita Bibi: inafanya kazi, inanguruma, haioni. Wahudumu huwasha mistari myekundu ya mwanga, huilinganisha na alama zilizochorwa kwa kalamu juu ya barakoa, hutoka na kufunga mlango mzito. Basi. Ya pili wanaiita Jicho. Hiyo kabla ya kupiga humzunguka mgonjwa na kumpiga picha ya ndani, mifupa na nyama, kisha huilaza picha hiyo juu ya ile ya siku ya kwanza. Shingo ikisogea milimita nne tu, inaonekana. Lakini Jicho lina nafasi kumi na mbili kwa siku kwa wagonjwa wa kichwa na shingo. Kumi na mbili! Na kwenye benchi la nje wamekaa watu hamsini, kila mmoja na roho yake moja.

Nani aingie kwa Jicho, nani abaki kwa Bibi? Hilo huamuliwa kila Jumanne, mbele ya ubao mweupe wenye sumaku zenye majina. Huingia kwa Jicho yule ambaye uvimbe wake umekumbatiana na uti wa mgongo. Huingia mwenye matezi makubwa shingoni, yatakayosinyaa matibabu yakiendelea. Huingia yule anayeonekana atakonda sana, kwa sababu koo likiungua, kumeza ni adhabu, na mtu akipungua shingo yake hubaki ndani ya barakoa kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Waliobaki huenda kwa Bibi. Wala si hukumu ya milele: kwenye fomu ya kila siku kuna visanduku viwili, barakoa inakaa, barakoa imelegea. Fundi akitia alama kwenye cha pili, jina la mgonjwa linarudi mezani Jumanne inayofuata.

Katika miaka tisa Kaza hakuwahi kutia alama kwenye kisanduku cha pili. Hata mara moja.

Mnadi alikuja akiwa na kilo mia na nane. Alikuwa muuza nguo za mitumba sokoni, mtu wa kusimama juu ya meza na kupiga makelele tangu asubuhi, na saratani, kana kwamba ina kisasi, ilimkamata kooni. Siku ya kutengenezewa barakoa alichekesha chumba kizima. Sauti yake ilikuwa imeshaanza kukwaruza, lakini bado ilijaza mlango.

"Fundi wangu, hii kofia unauza? Nikupatie mteja?"

Jumanne hiyo Daktari Mkuu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alishika sumaku ya Mnadi akasita kati ya safu mbili. Uvimbe ulikuwa wa wastani, haujaukaribia sana uti. Akamgeukia Kaza.

"Wewe ndiye uliyeishika shingo yake. Unaionaje?"

"Shingo ile, Daktari, ni gogo."

"Hatakonda?"

"Yule? Yule ana akiba ya mwaka mzima."

Watu walicheka. Sumaku ikaenda kwa Bibi.

Wiki ya kwanza Mnadi alikula kama kawaida. Ya pili alikunywa uji tu. Ya tatu uji wenyewe ukawa kama kumeza misumari, na akiba ya mwaka mzima ikaanza kuyeyuka. Kaza ana kipimo chake: kila asubuhi mgonjwa akipita chumbani kwake huvalishwa barakoa, na Kaza hujaribu kupenyeza kidole cha shahada chini ya kidevu. Kisipoingia, inakaa. Kikiingia, anafungua mtoto wa meza.

Humo ndani ndimo lilimolala kosa lake, limekunjwa vizuri. Vitambaa vya flaneli nyeupe, tabaka nne nne, vimepindwa kingo kwa mshono mdogo ambao huwezi kuuhisi shavuni. Alivishona nyumbani jioni, mkewe akimkatia uzi. Alivibandika ndani ya barakoa kwa gundi ya utepe, kimoja shavuni, kimoja tayani, viwili chini ya kidevu, hadi kidole kikakataa kuingia.

"Leo inanikumbatia," Mnadi alikuwa akimnong'oneza, maana sauti ilikuwa imebaki upepo. Kisha akitoka nje huwaambia wa benchini kwa ishara na mnong'ono: nendeni kwa Kaza, Kaza ni mama mzazi.

Naye Kaza aliandika: inakaa. Hakuona kuwa anadanganya. Si inakaa kweli? Kwake, kutia alama kwenye kisanduku cha pili kulikuwa sawa na mshonaji kuandika kwenye suruali ya mteja kwamba yeye hajui kushona. Nani anafanya hivyo? Mshonaji hupunguza kiuno, mambo yakaisha.

Jumatatu moja Bibi aligoma. Kipuri fulani kiliungua, na wagonjwa wachache wa Bibi waliopangiwa asubuhi wakapelekwa kwa Jicho kuziba nafasi za waliochelewa. Mnadi alikuwa wa pili. Ilikuwa siku yake ya ishirini na mbili.

Dakika kumi baadaye mwanafizikia, dada mmoja mrefu anayepiga hesabu za mionzi, alichungulia mlangoni kwa Kaza.

"Mzee wangu, njoo kidogo."

Kaza akadhani klipu imevunjika. Akachukua bisibisi.

Kwenye skrini kulikuwa na picha mbili zimelazwa pamoja. Ya siku ya kwanza ilitiwa rangi ya zambarau, ya leo ya kijani. Zikikubaliana, mifupa hutoka kijivu. Kaza aliwahi kuziona za wagonjwa wa Jicho, kijivu tupu. Hii ilikuwa na watu wawili. Fuvu lilikuwa moja, zuri, kijivu, kila kitu mahali pake. Lakini chini ya taya shingo zilikuwa mbili. Ya zambarau ilisimama ilipotakiwa. Ya kijani ilikuwa imepinda na kusogea mbele, nyembamba, kama mtu anayechungulia kutoka nyuma ya mwenzake.

"Nini hiki?" akauliza.

"Huyo ni Mnadi."

"Yupi?"

"Wa kijani ndiye Mnadi. Wa zambarau ndiye tunayempiga mionzi." Akabonyeza kitufe, mstari mdogo ukachoreka kati ya mifupa miwili. "Milimita tisa. Tunaruhusu tatu."

Bisibisi ilikuwa bado mkononi. Kaza aliitazama kama hajui ni ya nini.

"Barakoa imekaa," akasema. "Nimejaribu mwenyewe asubuhi. Kidole hakiingii."

"Barakoa imekaa, mzee wangu. Mistari ya mwanga imegonga alama zote sawasawa. Lakini alama ziko kwenye barakoa. Haziko kwenye shingo." Aliongea polepole, bila ukali, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Akasogeza picha, akaonyesha mabaka mepesi kati ya wavu na ngozi. "Hivi ni nini? Kama pamba."

Kaza alisogea karibu na skrini. Alivijua. Alijua hadi upande ambao mshono wake uliishia.

"Na huu uti wa mgongo," alinong'ona, "sasa uko wapi?"

Mwanafizikia akaweka kidole kwenye skrini. Kulikuwa na mstari mwekundu unaozunguka sehemu ya kupigwa kwa nguvu zote. Uti wa kijani ulikuwa umeingiza bega ndani yake. Upande wa pili, kipande cha uvimbe kilikuwa kimetoka nje ya mstari, kinapumzika.

Nakwambia, mtu huyu aliwahi kuona mengi. Amewatengenezea barakoa watu wasio na taya. Hakuwahi kukaa chini kazini. Siku hiyo alikaa, kwenye sakafu, mgongo ukutani, miguu imenyooka kama mtoto. Kupitia kioo alimwona Mnadi amelala chini ya wavu, mikono tumboni, anasubiri, anaamini.

"Leo hatibiwi," mwanafizikia akasema. "Nahitaji kujua kitu kimoja, nipige hesabu ya kilichoingia kwenye uti. Barakoa ililegea lini?"

Hilo ndilo swali alilorudi nalo nyumbani. Kwenye fomu hapakuwa na jibu. Fomu ilisema inakaa, inakaa, inakaa, hadi asubuhi hiyo. Na jibu moja jepesi lilikuwa linamngoja kwenye kalamu: leo. Aandike imelegea, tarehe ya leo. Nani angebisha? Vitu hulegea. Cheti kingebaki ukutani. Ila hesabu ingekuwa sifuri, na Mnadi angepangiwa siku zilizobaki kana kwamba uti wake hauna deni la mionzi. Uti ukizidishiwa, mikono hufa ganzi, baadaye miguu. Mtu wa kusimama juu ya meza.

Mkewe aliweka kikapu cha flaneli mezani baada ya chakula, kama kila jioni, akamtungia uzi kwenye sindano. Kaza hakuishika.

"Una nini?"

Akamwambia yote. Mkewe alisikiliza akiwa ameshika sindano, kisha akaichomeka taratibu kwenye mto wa pini.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Lakini huyo ni wa kuficha ya kwake. Wewe umeficha ya mwenzio. Sasa nani ataumbuliwa?"

"Sikuficha! Nilikuwa namsaidia asiumie!"

"Najua. Mimi si nilikata nyuzi?" Akakiondoa kikapu mezani.

Jumanne, sumaku ya Mnadi ilipofikiwa, Daktari Mkuu alikuwa na fomu mkononi na amekunja uso.

"Sielewi. Picha inasema milimita tisa, fomu inasema inakaa. Kati ya hivi viwili kipi ni cha uongo?"

Kaza akasimama. Kulikuwa na watu saba chumbani na feni moja.

"Fomu, Daktari. Kidole kiliingia tangu siku ya kumi na nne. Nikaweka flaneli. Siku ya kumi na saba nikaongeza. Hadi Ijumaa, ni siku nane alizopigwa vile."

Mwanafizikia aliandika namba nane, akaanza kubonyeza kikokotoo, na chumba kizima kikasikiliza vile vitufe kama watu wanaosubiri jibu mlangoni mwa wodi.

"Haijavuka mpaka," akasema mwishoni. "Imebaki kidogo. Tukipanga upya leo, barakoa mpya, picha kila siku, inawezekana. Angemaliza kwa Bibi zile siku kumi na nne zilizobaki, ingevuka."

Daktari Mkuu alivua miwani. "Jicho limejaa. Kwa mtu mmoja naweza kuwaomba wahudumu waje saa moja kabla." Akamtazama Kaza. "Ni mmoja?"

Kaza alifungua kinywa. Akamkumbuka dereva wa lori, naye alimbandikia flaneli. Akakumbuka kikapu kinavyoisha kila wiki mbili.

"Sijui, Daktari."

"Miaka tisa, hujui?"

"Nitajua kesho asubuhi."

Alimtafuta Mnadi mwenyewe, mchana huohuo, hakumtuma mtu. Alimkuta kwenye benchi, shati limemning'inia kama limesahauliwa kwenye kamba. Akamweleza bila kuzungusha. Mnadi alisikiliza akitazama sakafu, na alipojibu ilibidi Kaza ainame.

"Mimi ndiye niliyekutangaza. Benchi lote hili."

"Ndiyo, bwana."

"Unajua tunavyouza shati kubwa kwa mtu mwembamba? Unalibana kwa pini mgongoni. Mbele anajiona kwenye kioo, limemkaa kama la kushonewa. Analipa, anakwenda." Akameza mate, uso ukakunjamana kwa maumivu. "Miaka ishirini nimewabana watu pini. Sikujua nami nimebanwa."

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha bado. Na hawa je?" Akaonyesha benchi kwa kidevu chake chembamba. "Hawa umewaambia?"

"Kesho asubuhi nitawapima wote."

Mnadi alimtazama, jicho kavu. "Utawapima kwa kidole kilekile?"

Kesho yake Kaza alifika kabla wafagiaji hawajamaliza. Alikusudia kuchukua barakoa zote za Bibi kutoka kwenye vigingi vya ukutani, azikague peke yake, kwa utulivu, kabla ya macho ya watu. Alipokunja kona ya korido akasimama ghafla.

Vigingi vilikuwa vitupu. Wagonjwa wa Bibi walikuwa wameshafika, kila mmoja amepakata barakoa yake mapajani, uso wake mwenyewe mweupe ukimtazama. Katikati ya benchi palikuwa na lundo la flaneli. Walikuwa wamezibandua zote. Alitambua kila pindo, alitambua uzi wa buluu wa wiki ile mkewe alipoishiwa mweupe. Na juu ya benchi, akijishikilia ukutani kwa mkono mmoja, alisimama Mnadi, amerudi mezani kwake, ananadi kwa mnong'ono uliofika mwisho wa korido kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa anapumua.

"Weka usoni! Penyeza chini ya kidevu! Kidole kimoja, nani ana kimoja?"

Mikono mitatu ikainuka.

"Viwili! Nani ana viwili?"

Dereva wa lori akainua wake, na wengine watatu. Kaza alikuwa ametoa kalamu bila kujua, anahesabu kwenye kiganja chake. Saba. Nane na Mnadi.

"Vitatu!"

Wawili. Kumi.

"Nani ana zaidi ya vitatu? Nani?"

Mwishoni mwa benchi alikaa mwalimu wa chekechea, mama mdogo wa umbo, mpole, ambaye kila asubuhi humwambia Kaza asante hata kabla hajamgusa. Aliinua barakoa yake kwa mkono wa kushoto, akaivaa. Halafu akaingiza mkono wa kulia chini ya kidevu, vidole vyote vitano, kiganja, hadi kwenye kifundo, akaukunja ngumi humo ndani, na barakoa haikutikisika.

Mnadi alikuwa ameshainua mkono atangaze. Akaushusha.